UZI: Night of the Living Dead (1968): Ben alipigwa risasi kwa sababu ni mweusi, au tunalazimisha maana?

#1 NyarLolwe (Kisumu)
Wadau, hamjambo. Kikundi chetu kitaonyesha Night of the Living Dead ya George Romero, ile ya watu saba waliojifungia ndani ya nyumba usiku kucha huku mizuka, yaani maiti waliofufuka, ikiwazingira, Ijumaa ijayo, ukumbi wa watu hamsini hivi, na karatasi ya mjadala imeniangukia mimi. Nimekwama aya ya kwanza. Kila mahali inasemwa hii ni filamu ya ubaguzi wa rangi Marekani. Nimeitazama mara tatu na kalamu mkononi: hakuna mtu hata mmoja anayetaja rangi ya Ben, shujaa mweusi anayechezwa na Duane Jones. Hata Harry Cooper, mzungu aliyefungiwa naye mle ndani, ambaye hampendi Ben hata chembe, hamtukani kwa rangi. Romero mwenyewe alisema miaka yote kwamba Duane Jones alipewa nafasi kwa kuwa ndiye aliyefanya vizuri kuliko wengine kwenye usaili. Dai langu basi: siasa imo machoni mwa mtazamaji, haimo kwenye filamu. Nipingeni.

#2 Menengai_Juu (Nakuru)
Nakupinga asubuhi na mapema. Tazama dakika za mwisho tu. Mtu mweusi amepambana usiku kucha na ndiye pekee aliyebaki hai katika watu saba waliokuwa ndani ya nyumba ile. Kunapambazuka, wanakuja wanamgambo wa sherifu, wazungu watupu, na bunduki na mbwa. Anachungulia dirishani. Wanampiga risasi ya kichwa bila hata kumuuliza jina. Halafu zinafuata picha mnato, chembechembe kama za gazeti: ndoano za nyama, mwili unaburutwa, rundo la kuni. Hizo ni picha za watu weusi walionyongwa kule Kusini mwa Marekani, zimebadilishwa jina tu. Utasemaje siasa haimo?

#3 Miwa_Mumias
Sawasawa kabisa. Ile filamu Romero aliitengeneza kwa hasira ya kuuawa kwa Martin Luther King. Nashangaa hata tunajadili.

#4 Mwl_Apunda (Kisumu)
Miwa, tarehe zinakukataa. Filamu ilipigwa 1967, kuanzia katikati ya mwaka hadi karibu na mwisho wake, maeneo ya Evans City, Pennsylvania. King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968. Siku hiyo Romero na mwenzake Russell Streiner (ndiye anayecheza Johnny, kaka wa Barbra, anayeuawa makaburini mwanzoni) walikuwa njiani wakiipeleka New York kutafuta msambazaji, wakasikia habari kwenye redio ya gari. Filamu ilikuwa imeshaiva.

Ila usikate tamaa. Julai 1967, wakati wao wako kazini, Newark na Detroit zilikuwa zinawaka moto kwa ghasia za rangi. Mbwa wa polisi wa Birmingham, Alabama, waliofunguliwa kwa waandamanaji weusi, walikuwa wameshaonekana kwenye televisheni tangu 1963. Kwa hiyo King kama sababu hapana, lakini hewa waliyokuwa wakiivuta ndiyo hiyo. Na onyesho la kwanza lilikuwa Pittsburgh tarehe 1 Oktoba 1968, miezi sita baada ya mauaji. Walioingia ukumbini walikuja na King vichwani, awe alikusudiwa au hakukusudiwa.

#5 Miwa_Mumias
Nimekubali, mwalimu. Nimekaa chini.

#6 Fundi_Lanet (Nakuru)
Kabla hamjaenda mbali: NyarLolwe, utaonyesha nakala gani? Siulizi kwa umbea. Siasa mnayoijadili inategemea nakala.

Filamu hii ilikosa hakimiliki Marekani tangu siku ya kwanza. Jina lake la mwanzo lilikuwa Night of the Flesh Eaters. Msambazaji akabadilisha jina, na kibao kipya cha jina kikatoka bila ilani ya hakimiliki iliyokuwa kwenye kile cha zamani. Kwa sheria yao ya wakati ule, ukichapisha bila ilani umegawa bure. Matokeo yake kila mwenye mashine akanakili, na nakala ikanakiliwa kutoka nakala. Kila kizazi kinaongeza kontrasti: cheupe kinaungua, cheusi kinazama. Unajua kinachozama kwanza? Uso wa Duane Jones kwenye chumba chenye giza. Nakala mbovu inambakiza shati jeupe na sauti. Uso wa Harry hauna shida hiyo hata kidogo. Mtu akitazama nakala kama hiyo kisha aseme Ben ni mhusika asiye na hisia, kosa si la Jones.

Tafuta ile iliyosafishwa kutoka negativu ya awali, kazi ya jumba la makumbusho la MoMA pamoja na Film Foundation, taasisi ya kuhifadhi filamu, 2016. Namna ya kukagua faili kabla ya kuchoma bando bure:
Urefu uwe dakika 96. Ukiona 92 basi imekimbizwa kwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, au imekatwa.
Picha iwe karibu mraba, 1.37 kwa 1. Ikijaza skrini pana yote, ama imevutwa nyuso zikanenepa, ama imekatwa juu na chini ukapoteza karibu robo ya picha.
Ukiona mchungaji anahubiri, ifute. Hiyo ni ya 1999 iliyoongezewa vipande na muziki mpya, na vipande hivyo vina wenyewe.
Ukiona mizuka ya kijani, hiyo ni iliyotiwa rangi miaka ya themanini. Cheka kidogo, kisha ifute pia.

#7 NyarLolwe
Fundi, asante. Nimekagua sasa hivi: 92. Na ndiyo niliyotazama mara tatu. Aibu.

#8 Menengai_Juu
😂😂 Kumbe "siasa haimo" kwa sababu uso haukuonekana.

#9 Omogusii_Mpole (Kisii)
Nyote mnashika rangi. Mimi nashika sherifu. Lile ni sungusungu hasa. Kundi la wanaume limepewa ruhusa ya kuua kitu chochote kitakachoonekana "si mtu", na kipimo cha nani ni mtu wanacho wao wenyewe, kwa mbali, na kwa haraka. Anayesimamia anatoa amri ya risasi katikati ya macho, mpigaji anapiga, wanasifiana shabaha, kisha anasema huyo ni mwingine wa kutupwa motoni. Hakuna anayeingia ndani kwanza kuhakiki. Huku Gusii hatuhitaji kufundishwa habari za Alabama ili tuielewe picha hiyo. Wazee waliochomwa kwa tuhuma za uchawi walihukumiwa hivyohivyo, na waliowachoma walirudi kunywa chai. Ile sauti ya kawaida ya sherifu, ya mtu anayefanya kazi ya mchana, ndiyo siasa ya filamu. Angekuwa Harry dirishani angepigwa vilevile.

#10 Menengai_Juu
Omogusii, hapo mwisho ndipo ninapokukatalia. Ben alikuwa ameshika bunduki, anasogea kwa tahadhari, anainama. Mizuka haishiki silaha. Harry mzungu akisimama pale na bunduki, wangempigia kelele kwanza.

#11 Mwl_Apunda
Mizuka inashika silaha, Menengai. Yule wa kwanza kabisa, wa makaburini, anavunja kioo cha gari kwa jiwe akimtafuta Barbra. Baadaye wanavunja taa za lori kwa mawe. Na Karen, binti wa Harry, akishageuka mzuka anamuua mama yake kwa mwiko wa fundi. Kwa hiyo hoja ya "ana silaha, basi ni mtu" haimtetei Ben wala haimhukumu sherifu. Ndipo uzuri ulipo: filamu imeziba kila mlango ambao ungekuwezesha kusema kwa hakika kwa nini walipiga.

#12 Kanyakwar_Kid
Swali la mjinga: kwani zombi si ni yule wa Haiti? Hawa wa Romero wametoka wapi?

#13 Dada_Lurambi (Kakamega)
Si swali la mjinga, ndilo la kuanzia. Kwanza neno zombi halitamkwi hata mara moja kwenye filamu hii. Redio na televisheni zinawaita "ghoul", mla maiti. Jina la zombi walibandikwa baadaye na watazamaji.

Zombi wa filamu za awali, kama White Zombie ya 1932, ni maiti aliyefufuliwa afanye kazi. Ana bwana. Yuko kwenye kinu cha sukari anasukuma gurudumu usiku na mchana, hachoki, hadai mshahara. Hofu hiyo ilizaliwa Haiti, kwa watu ambao mababu zao walikuwa watumwa kwenye mashamba ya miwa: hofu kwamba hata ukifa hutaachiliwa. Wamarekani wakaibeba kwao wakati jeshi lao lilipoikalia Haiti, 1915 hadi 1934.

Alichofanya Romero ni kumwondoa bwana. Maiti zake hazifanyi kazi ya mtu. Hazitumwi, hazilipwi, hazina kiongozi. Kutoka mtumwa hadi umati. Sasa niambieni, katika Marekani ya 1967, "umati usio na bwana" uliokuwa ukitisha tabaka lililoshiba ni upi? Hapo unaweza kusema weusi wa Detroit, vijana wa kupinga vita, au majirani wako mwenyewe. Tazama mizuka yenyewe: wengi ni wazungu wa kawaida, mwingine na suti, mwingine na nguo za kulalia. Mimi nasimama kwenye "majirani".

#14 Kanyakwar_Kid
Mtu wa Mumias, mji wa kiwanda cha sukari, amesikia kinu cha sukari akanyamaza.

#15 Miwa_Mumias
Kinu chenyewe kikipata hata hao mazombi tutashukuru.

#16 JaSeme
Wanalolwe (watu wa Ziwa Victoria) tusisahau yetu. Mimi nikimwonyesha mzee wa kwetu filamu hii swali lake la kwanza litakuwa: huyu jachien (mzuka wa mfu kwa Kiluo) anadai nini? Jachien harudi bure. Alidhulumiwa, alizikwa vibaya, kuna mtu anamdai. Ana anwani. Hawa wa Romero hawadai chochote na hawamjui mtu. Hata sababu ya kufufuka kwao inatupwa kama tetesi tu, mnururisho wa chombo kilichorudi kutoka Zuhura, na kule Washington mwanasayansi na mwanajeshi wanabishana mbele ya kamera kama ni kweli. Kwa macho ya kwetu, hiyo ndiyo inayotisha: wafu wasio na deni. Huwezi kuwaita wazee, huwezi kuchinja, huwezi kusuluhisha.

#17 Bondeni_One (Nakuru)
Na jajuok je? Yule anakimbia usiku, anatupa mawe kwenye mabati, asubuhi anakusalimia vizuri sokoni.

#18 JaSeme
Jajuok ni mtu hai, omera, usichanganye madebe. Lakini umegusa kitu: jajuok ni jirani. Hilo linampa pointi Dada Lurambi.

#19 Bondeni_One
Basi ngoja niwachokoze. Harry Cooper alikuwa sahihi.

Ugomvi wote ni mmoja: tujifungie chini, chumba cha ardhini, au tukae juu. Ben anasema juu, kuna madirisha, kuna njia ya kutoka. Harry anasema chini, mlango mmoja tu. Mpango wa Ben wa lori na pampu ya mafuta uliwaua Tom na Judy, wale wapenzi wawili vijana, petroli ikamwagika karibu na mwenge, lori likalipuka. Juu kukavamiwa. Na mwisho wa yote Ben aliponea wapi? CHINI. Shujaa wenu aliokolewa na mpango wa mtu asiyempenda hata chembe.

#20 Menengai_Juu
Alimfungia Ben nje ya mlango! Huyo ndiye sahihi?

#21 Bondeni_One
Nimesema mpango, sikusema roho.

#22 Dada_Lurambi
Hesabu yako ina shimo, Bondeni. Nani alikuwa amelazwa kule chini? Karen, ameng'atwa na mzuka, ana homa. Watu saba wote wangeshuka na kupigilia mlango, Karen angegeuka wakiwa wamefungiwa naye gizani. Ben aliponea chini kwa sababu Harry na mkewe Helen walikuwa wameshakufa, na alipowakuta wakiinuka aliwapiga risasi. Chumba kilikuwa salama kikiwa kitupu tu. Lakini pia sisemi Ben alikuwa sahihi. Filamu haimpi mtu yeyote ushindi, na Helen peke yake ndiye anayewaambia ukweli: kuishi pamoja huenda kusiwe raha, lakini kufa pamoja hakutatui kitu.

#23 Omogusii_Mpole
Hapo mmeanza kuzungumzia uchaguzi wa Kenya bila kujijua. Wako saba, adui yuko mlangoni, wao wanagombania nani ashike bunduki.

#24 MSIMAMIZI
Uchaguzi una jukwaa lake. Tuendelee na filamu.

#25 Mwl_Apunda
Narudi kwa NyarLolwe na ile hoja ya usaili, maana haijajibiwa vizuri. Kwamba Jones alichukuliwa kwa uwezo tu, bila kukusudia rangi, naikubali. Lakini usaili ni siku moja, kazi ni miezi. Ben wa kwenye maandishi alikuwa dereva wa lori, mtu mbishi wa lugha chafu. Jones alikuwa msomi, mtu wa fasihi na jukwaa, na hakukubali kuongea hivyo. Akasafisha mazungumzo yake mwenyewe. Ben tunayemsikia, mtulivu, anayepanga maneno, ni kazi ya Jones. Na kile kipande cha kumpiga Barbra: Jones alijua vizuri mwanaume mweusi kumpiga mwanamke mzungu kwenye skrini ya wakati ule kulimaanisha nini, na kulimtia wasiwasi. Kwa hiyo huenda muongozaji hakuweka siasa. Mwigizaji aliiona, akaibeba mgongoni. Tukisema "msanii hakukusudia", tuulize kwanza msanii yupi.

#26 NyarLolwe
Hii sikuwa nayo. Nafuta nusu ya aya yangu.

#27 Menengai_Juu
Nusu tu?

#28 Akinyi_wa_Kondele
Wanaume mmeongea rangi na bunduki mpaka #27, hakuna aliyeuliza Barbra amekaa kwenye kochi muda gani. Anaanza filamu akikimbia, anafungua mlango, anajiokoa. Mara mwanaume anaingia, yeye anageuka sanamu hadi kaka yake aliyekufa anapokuja kumvuta nje. Kama hii ni filamu ya ukombozi wa mtu mweusi, imelipiwa kwa akili ya mwanamke.

Romero alijua deni hilo. Alipoandika upya filamu hiyo 1990, ikaongozwa na Tom Savini na Tony Todd kuwa Ben, Barbara ndiye anayebaki hai. Anawatazama mizuka anasema wanakwenda polepole mno, mtu anaweza kutembea akawapita. Na risasi ya mwisho anaipiga yeye, anamuua Harry aliyekuwa mzima kabisa, kisha anasema huyo ni mwingine wa motoni. Lakini angalia kilichopotea: Ben wa 1990 anakufa chini na kugeuka. Sherifu hamuui mtu asiye na hatia. Walipompa mwanamke uhai, ile picha ya #2 ikatoweka. Mtaniambia kama kuna njia ya kupata zote mbili.

#29 Dada_Lurambi
Akinyi 🔥. Ila Barbra wa 1968 huenda ndiye pekee mwenye akili timamu pale. Kaka ameuawa mbele yake. Wengine wanapiga misumari, yeye ameduwaa. Nani kati yao ana wazimu?

#30 Akinyi_wa_Kondele
Huo ni utetezi mzuri. Siununui, lakini ni mzuri.

#31 Fundi_Lanet
Mnaipa filamu makusudi mengi sana. Naomba niongee pesa. Ilianza na watu kumi, kila mmoja dola 600. Jumla ya mwisho ilifika kama dola 114,000. Nyeusi na nyeupe kwa sababu ni nafuu, na kwa sababu damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, ambayo kwa rangi ingeonekana chokoleti. Matumbo yanayoliwa yaliletwa na mwekezaji mwenye bucha. Muziki ni wa maktaba, wa kununua tayari. Nyumba ilikuwa inangoja kubomolewa. Hicho chumba cha chini mnachokigombania hakikupigwa hata kwenye nyumba ile, kilipigwa kwenye jengo la ofisi yao Pittsburgh. Taarifa za televisheni ndani ya filamu zinafanana na taarifa za kweli kwa sababu hao jamaa kazi yao ilikuwa matangazo ya biashara, kamera ya mkono na taa chache ndiyo mazoea yao. Mtazamaji wa 1968 alikuwa anaona Vietnam jioni kwa sura hiyohiyo. Ndiyo maana ikafanana na vita. Umaskini ndio uliopiga picha.

#32 Mwl_Apunda
Fundi, umaskini haukuchagua kuweka zile picha mnato mwishoni. Kumaliza kwa moto wa kawaida unaotembea kungegharimu uleule. Na haukuchagua bendera ya Marekani inayopepea makaburini mwanzoni kabisa.

#33 Fundi_Lanet
Bendera makaburini kwao ni kama mkaratusi makaburini kwetu. Ilikuwepo.

#34 Mwl_Apunda
Na aliyeiweka mbele ya kamera?

#35 Fundi_Lanet
😅 Hiyo nakupa.

#36 Bondeni_One
Nje ya mada: hii ikitafsiriwa na wale madijei wa vibanda vya video, Ben angeitwa "Jamaa" na Harry angeitwa "Adui" dakika ya kwanza. Mjadala kwisha.

#37 JaSeme
Na ndivyo ilivyo hatari ya tafsiri. NyarLolwe, ukiweka manukuu ya Kiswahili, usiandike "zombi" pale redio inaposema ghoul. Weka "mzuka" au "mla maiti". Na "they" ya Johnny makaburini, anapomtania Barbra kwamba wanakuja kumchukua, iwe "wao" tupu, usiwape jina. Filamu inawataja kwanza kama "wao" kabla hatujajua ni nani. Ukitia jina umeua mchezo.

#38 Kanyakwar_Kid
Watoto wanaruhusiwa?

#39 Akinyi_wa_Kondele
Hapana! 1968 ilitoka mwezi mmoja kabla ya Marekani kuanza mfumo wake wa madaraja ya umri, watoto wakaingizwa mchana na peremende zao, mhakiki wa filamu Roger Ebert akaandika jinsi walivyokuwa wakilia vitini. Hapa Kenya maonyesho ya umma yanataka leseni na daraja kutoka bodi ya uainishaji, GE (wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 au 18. Nendeni mapema wiki hii, msingoje Alhamisi. Hakimiliki haitawasumbua: sheria yetu inalinda filamu miaka 50, ya 1968 iliisha mwisho wa 2018. Mkichukua ile iliyosafishwa, msichanganye na nyongeza zake, mahojiano na maelezo vina wenyewe.

#40 NyarLolwe
Shukrani nyote. Karatasi sasa ina maswali matatu, majibu sifuri: nani aliandika Ben, kwa nini hawakuhakiki, na Barbra alipwe nini. Fundi, la mwisho: projekta ya kukodi inafanya giza la nyumba ile kuwa wino mtupu, hata na nakala mpya.

#41 Fundi_Lanet
Zima modi ya "dynamic", weka "cinema". Zima mwanga wa kujirekebisha wenyewe. Kisha angalia kompyuta: ikituma rangi 0 hadi 255 na projekta inasubiri 16 hadi 235, kila kivuli kinamezwa. Zilinganishe pande zote mbili. Jaribu kwenye kipande cha Ben akimsimulia Barbra habari za lori lililowaka moto. Ukiona mboni za macho yake, uko sawa. Usipoziona, endelea kurekebisha, usianze onyesho.

#42 Omogusii_Mpole
Na mwambie mtu wa swichi asiwashe taa risasi ikilia. Watu watainuka kuvaa jaketi, na zile picha mnato ndio kwanza zinaanza.

#43 NyarLolwe
Mtu wa swichi ni Kanyakwar_Kid.

#44 Kanyakwar_Kid
Nimepewa kazi kwenye uzi? Haya. Nani ana kebo ya HDMI ya mita kumi?